Imefika Wapi? Sifa za Fundi wa Seva

Kazi ya fundi wa seva hujulikana katika dakika chache baada ya kuzima na kuwasha upya. Toleo jipya la Linux limeshapakuliwa, mamia ya programu yamebadilishwa, amri ya mwisho imeandikwa, na skrini imekuwa nyeusi. Mashine iliyokaa miezi, pengine miaka, bila kuzimwa inatakiwa ianze upya kutoka kwenye umeme mtupu. Itabidi ivitambue vifaa vyake vyote, diski, kadi za mtandao na kadi inayoziunganisha diski, kwa kerneli ambayo haijawahi kuviona. Mara nyingi inaamka salama. Siku isipoamka ndipo ufundi wenyewe unapoanza, na huo ndio ninaotaka kuusifu hapa, maana unastahili sifa na wanaoufanya hawasikiki.

Sifa ya kwanza ya fundi huyu ni swali lake. Mwenye ofisi huuliza: imeharibika nini? Fundi huuliza: imefika wapi? Maswali haya yanatofautiana sana. La kwanza huwaalika watu kubahatisha: labda diski imekufa, labda ni virusi, labda ni umeme wa jana. La pili lina jibu, kwa sababu Linux huwaka kwa hatua zinazofuatana, na kila hatua huacha alama yake kwenye skrini. Ukiijua hatua ya mwisho iliyofanikiwa, vyote vilivyo nyuma yake vimeshajitetea. Unabaki na kipande kifupi cha njia cha kuchunguza.

Hapa kwetu milimani Usambara swali hilo lina uzito wa pekee. Bulwa iko Usambara Mashariki, jirani na Amani, kwenye mashamba ya chai yanayopakana na msitu. Mgeni anaweza kudhani fundi aliyeko Lushoto, Usambara Magharibi, yuko karibu, maana milima ina jina moja. Lakini bonde la Lwengera limeigawa milima hiyo pande mbili. Kwenda Bulwa unashuka Soni hadi Mombo, unafuata barabara kuu hadi Korogwe, unaendelea Muheza, ndipo unapanda tena kupitia Sigi na Amani, kwa njia ya milimani yenye kona kali ambayo mvua ikishika huwa tope. Seva ikigoma Bulwa asubuhi, na kazi za watu zinaisubiri, fundi wa Lushoto hawezi kufika kwa wakati. Anachoweza kukifikisha haraka ni swali sahihi, kwa simu.

Kwa nini basi seva inayofanya kazi isiachwe ilivyo? Kwa sababu kila toleo la Linux lina mwisho wake. CentOS 7 ilikoma kupata marekebisho ya usalama tarehe 30 Juni 2024. CentOS 8 ilikatishwa mapema zaidi, tarehe 31 Desemba 2021. Debian hutoa toleo jipya takriban kila miaka miwili: la 12 lilitoka Juni 2023, la 13 Agosti 2025. Seva iliyobaki kwenye toleo lililokwisha muda itaendelea kuwaka na kuhudumia, lakini kila tundu la usalama litakalogunduliwa baada ya hapo litabaki wazi. Ndani yake zimo kumbukumbu za wagonjwa, malipo ya wachuma chai, matokeo ya wanafunzi. Waliozitoa taarifa hizo hawajui hata kama seva ipo. Anayekubali kuipandisha toleo, akijua kwamba huenda isiamke, anafanya hivyo kwa niaba yao.

Tuzitazame hatua zenyewe, kwa kuwa humo ndimo ufundi ulimo.

Ya kwanza ni ya ubao mama. Programu ndogo iliyomo humo, BIOS kwenye mashine za zamani au UEFI kwenye za sasa, hujipima kisha hutafuta diski ya kuanzia. Mashine ikikwama hapa husema haioni diski ya kuwashia, na Linux bado haijahusika kabisa. Unatazama kebo, mpangilio wa diski, au ile betri ndogo ya ubaoni ambayo ikiisha mashine husahau mipangilio yake.

Ya pili ni GRUB, programu inayokuletea orodha ya kerneli za kuchagua. Ukiona maneno grub rescue na alama inayosubiri amri, ujue GRUB imepatikana nusu: kipande chake cha kwanza kimesomwa, ila hakikuiona folda yenye vipande vingine.

Ya tatu ni kerneli, kiini cha mfumo kinachozungumza na vifaa, ikifuatana na initramfs. Hii ni mfumo mdogo wa muda unaopakiwa kwenye ramu ukiwa na draiva za kutosha kuifikia diski kuu. Kerneli ikisimama na ujumbe wa panic, ikilalamika kwamba haikuweza kupachika mfumo wa faili kutoka unknown-block(0,0), mara nyingi initramfs haipo. Partisheni ya /boot ilijaa wakati wa kupandisha toleo: kerneli mpya iliingia, initramfs yake ikakosa nafasi. Ukiachwa kwenye alama ya amri iliyoandikwa (initramfs), basi mfumo huo mdogo upo na umefanya kazi, lakini diski kuu haijaonekana. Ama draiva yake haipo, au inatafutwa kwa jina ambalo si lake tena.

Katika hatua ya nne, diski kuu imepachikwa na systemd, programu namba 1, imeanza kuziamsha huduma. Kukwama hapa huja na saa inayohesabu. Mfumo husubiri sekunde 90 kwa diski iliyoandikwa kwenye faili ya /etc/fstab, na isipotokea mashine huingia hali ya dharura na kuomba nenosiri la msimamizi. Hatua ya tano ndiyo inayowatesa zaidi wanaofanya kazi kwa mbali: seva imewaka yote, taa zinapepesa, lakini haifikiki kwa mtandao, kwa sababu kadi ya mtandao imeamka na jina jingine.

Anayezijua hatua hizi anaweza kumtuliza mtu aliye kilomita nyingi kutoka kwake kwa sentensi moja. Akisikia hali ya dharura, anajua papo hapo kwamba ubao mama ni mzima, GRUB ni nzima, kerneli ni nzima, na diski kuu imesomeka. Habari nyingi njema zimebebwa na ujumbe unaoonekana kama msiba. Watu wengi husoma maandishi ya kosa kama hukumu. Fundi huyasoma kama taarifa ya safari, na taarifa hiyo huanza na yote yaliyokwenda sawa.

Julai 2020 ulimwengu mzima ulipata mtihani wa jambo hili. Tarehe 29 ya mwezi huo lilitangazwa tundu la usalama ndani ya GRUB, likaitwa BootHole, na wasambazaji wakubwa wa Linux wakatoa marekebisho karibu kwa pamoja. Baadhi ya seva zilizoyapokea hazikuwaka tena. Kwa upande wa Red Hat na CentOS, kosa lilikuwa kwenye shim, programu ndogo inayotangulia GRUB kwenye mashine za UEFI, ikabidi marekebisho nayo yarekebishwe. Kwa upande wa Debian na Ubuntu, baadhi ya mashine za BIOS zilisimama na ujumbe kwamba kitu kiitwacho grub_calloc hakikupatikana.

Chanzo cha hili la pili kinafundisha sana. Mwanzoni mwa diski ya mtindo wa zamani kuna sekta ya baiti 512, na msimbo wa kuwashia hupewa baiti 446 tu humo, kwa hiyo GRUB hukaa kwa vipande: kidogo mwanzoni mwa diski, vingine kwenye folda ya /boot. Mfumo ulikuwa umeandika, siku uliposakinishwa, GRUB iwekwe kwenye diski ipi. Miaka ikapita, diski zikabadilishwa, kumbukumbu ile ikabaki ikitaja diski ambayo haikuwa tena inayoiwasha mashine. Marekebisho yalipokuja, vipande vya /boot vikawa vipya na kile cha mwanzoni mwa diski kikabaki cha zamani. Vilipokutana havikuelewana. Dawa ilikuwa ya dakika chache kwa aliyejua mashine imefika wapi: kuwasha kwa flash yenye Linux, kupachika diski za seva, kuingia ndani yake kwa chroot, na kuandika grub-install kwa diski iliyo sahihi. Hakukuwa na haja ya kusakinisha mfumo upya wala kugusa data ya mtu.

Nyuma ya hitilafu nyingi za namna hii kuna jambo moja: majina. Kwa miaka mingi Linux iliviita vifaa kwa zamu ya kuonekana. Diski ya kwanza kujibu ikawa sda, ya pili sdb. Kadi ya kwanza ya mtandao eth0, ya pili eth1. Majina hayo ni mepesi kukumbuka, lakini hayaelezi chochote kuhusu kifaa chenyewe. Debian 6 ilipotoka Februari 2011, draiva za diski za IDE zilikuwa zimebadilishwa, na diski iliyojulikana kama hda ikaamka ikiitwa sda. Kila faili ya mipangilio iliyotaja jina la zamani ikawa inaelekeza kusiko na kitu. Waliotengeneza toleo hilo walijua hatari hiyo, ndiyo maana mfumo uliwauliza wenye mashine kama wanataka kuhamia kwenye UUID, kitambulisho cha herufi na tarakimu 32 ambacho kila mfumo wa faili hupewa siku unapoundwa na hubaki nacho hata diski ikichomekwa kwingine. Kadi za mtandao nazo zilifuata njia hiyo. Kuanzia 2013 systemd ilileta majina yanayotokana na mahali kadi ilipokaa ndani ya mashine, kama enp3s0, na Debian 10 ya mwaka 2019 ikawataka waliobaki na mpango wa zamani wahame.

Mtu wa Bulwa hana haja ya kwenda mbali kuelewa uzito wa jambo hili. Pale jirani, Amani, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe mwaka 1902, na misitu hii ni miongoni mwa makao ya asili ya lile ua la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu waliochunguza nasaba ya mimea hiyo waliiingiza kwenye jenasi ya Streptocarpus. Jina limehama, mmea ni uleule, na anayetaka kuhakikisha anarudi kwenye sampuli iliyokaushwa na kuhifadhiwa, yenye namba yake. Fundi wa seva anafanya kazi ya aina hiyo. Jina linalotolewa na kerneli leo linaweza kubadilika kesho, kwa hiyo anaandika kile kisichobadilika: UUID ya mfumo wa faili, namba ya kiwandani ya diski, anwani ya MAC ya kadi yenye tarakimu zake 12.

Asubuhi moja nilipigiwa simu kutoka ofisi ndogo huko Bulwa. Seva yao ilikuwa imepandishwa toleo, ikawashwa upya, na haikurudi. Aliyekuwa mbele yake ni mama mtunza kumbukumbu, mtu mzima, ambaye kazi yake na mashine ile ilikuwa kuingiza takwimu tu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mashine imegoma. Imejaa maandishi tu.”

“Hayo maandishi ndiyo tunayoyataka. Naomba unisomee mstari wa mwisho, kisha ule wa juu yake, taratibu.”

Akasoma, neno kwa neno, na palipomshinda akataja herufi moja moja. Mfumo ulikuwa umeshindwa kupachika folda ya /data, na sasa ulikuwa kwenye hali ya dharura. Hatua ya nne. Nikamwambia kwamba mashine ni nzima, kwamba hakuna kilichoungua, na kwamba tunatafuta diski moja tu. Nikasikia pumzi yake ikishuka.

“Kuna chochote kimechomekwa nyuma, mama?”

“Ipo ile diski ndogo ya bakapu. Haijatolewa bado.”

Akaandika nenosiri, kisha lsblk -f, akanisomea orodha. Ile diski ndogo ilikuwa imejitwalia jina la sdb, na diski ya data, iliyozoea kuitwa hivyo, ilikuwa sasa sdc. Kerneli za karibuni huchunguza diski kadhaa kwa wakati mmoja, na zamu ya kujibu haina uhakika. Faili ya /etc/fstab ilitaja /dev/sdb1, mfumo ukajaribu kupachika kitu kisicho chake, ukakataa kuendelea. Ulifanya vyema kukataa.

Kuichomoa ile diski na kuwasha upya kungetosha kwa siku hiyo, lakini mtego ungebaki umetegwa palepale, ukimsubiri mtu mwingine. Kwa hiyo tulifanya kazi yenyewe. UUID ni bora, ila kusomeana herufi na tarakimu 32 kwa simu inayokatikakatika kunakaribisha kosa. Tukachagua lebo. Kwa amri ya e2label aliipa diski ya data lebo iitwayo data, akafungua fstab kwa nano, akafuta /dev/sdb1, akaandika LABEL=data. Kisha nikamwomba aandike mount -a kabla ya kuwasha upya, ili mfumo upime mstari ule mbele ya macho yetu.

“Haijasema kitu,” akaniambia.

“Ndivyo inavyotakiwa. Isiposema kitu, imekubali.”

Akawasha upya, na diski ya bakapu ikiwa bado imechomekwa. Hilo lilikuwa sharti langu, maana ukarabati haujapimwa mpaka upimwe katika hali ileile iliyouangusha mfumo. Ikawaka hadi mwisho.

Hitilafu za vifaa haziishii kwenye majina. Seva nyingi za ofisi ndogo huku kwetu ni za mtumba: zimefanya kazi miaka kadhaa kwingine, kisha zikaletwa. Ni mashine imara, lakini toleo jipya la mfumo huenda limeziacha nyuma. Red Hat Enterprise Linux 8, iliyotoka 2019, iliondoa draiva za kadi nyingi za zamani za kuunganisha diski. Seva yenye kadi ya namna hiyo inaweza kusakinisha kila kitu salama chini ya kerneli ya zamani, kisha kerneli mpya ikaamka na isione diski hata moja. Debian 6 ilitenga faili za faimuweya zisizo huru, na seva nyingi za Dell na HP zenye kadi za mtandao za Broadcom zilihitaji kifurushi cha firmware-bnx2 ili kadi zifanye kazi. Asiyekiweka mapema alijikuta hana mtandao wa kukipakulia. Debian 12 nayo ilihamishia faimuweya kwenye sehemu mpya inayopaswa kuongezwa kwenye orodha ya vyanzo, na Debian 13 haitoi tena kerneli wala kisakinishi kwa mashine za biti 32.

Yote haya yameandikwa wazi kwenye maelezo ya kila toleo, na hapo ndipo ninapoiona heshima ya kazi hii. Fundi mzuri huanza kwa kusoma. Huandika kwa lspci ni kadi gani zimo ndani ya mashine, kisha huyapitia maelezo ya toleo akizitafuta kadi hizo. Hupanda toleo moja baada ya jingine, la 11, kisha la 12, bila kuruka. Hutazama nafasi ya /boot. Huchapisha kwenye karatasi majibu ya lsblk, blkid na ip link, maana orodha iliyohifadhiwa ndani ya seva iliyogoma haimsaidii mtu. Kazi hii ya kabla haionekani na hailipwi, na ikifanywa vizuri hakuna anayejua kwamba ilifanyika.

Kisha kuna kuilinda njia ya kurudi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na Linux ina mpango unaolingana na hekima hiyo: kerneli mpya huwekwa pembeni ya ile ya zamani, na orodha ya GRUB huzionyesha zote mbili. Kerneli mpya ikikataa, unachagua ya jana na kazi inaendelea wakati unatafuta sababu. Mwenye pupa ya kusafisha nafasi hufuta ya zamani siku hiyohiyo na kujinyima mlango. Kwa mashine ya mbali kama ya Bulwa kuna njia nzuri zaidi. GRUB ikiwa imepangwa kukumbuka chaguo lililohifadhiwa, kwa grub-reboot unaiambia ijaribu kerneli mpya mara moja tu, na kwa kuongeza panic=30 kwenye mstari wake, kerneli ikianguka mashine hujiwasha upya yenyewe baada ya sekunde 30 na kurudi kwenye ile ya zamani. Hakuna mtu aliyegusa kitufe. Kila ninapoufikiria mpango huo naushangaa upya: mtu amekaa Lushoto, ameruhusu jambo lishindikane upande wa pili wa bonde, na kushindikana huko hakumnyimi mtu huduma.

Mlima nao una madai yake. Mvua za Usambara Mashariki ni nyingi, unyevu hauishi, radi hupiga, na umeme hukatika. Bwawa la Hale kwenye mto Pangani, chini ya milima hii, lilianza kuzalisha umeme mwaka 1964, lakini nyaya zinazofika kijijini hupita kwenye msitu wenye miti mirefu na upepo. Kupandisha toleo bila UPS yenye betri nzima ni kumkabidhi mtu mwingine maamuzi. Umeme ukikatika vifurushi vikiwa nusu, mfumo hubaki kati ya matoleo mawili. Hata hapo swali ni lilelile. Kumbukumbu ya dpkg, programu ya vifurushi ya Debian, inaeleza kifurushi kipi kilifunguliwa na kipi hakijapangwa, na amri ya dpkg --configure -a huendelea kutoka palipoachwa. Anayefanya kazi kwa mbali huendesha kazi ya kupandisha toleo ndani ya tmux, ili simu ikikata mtandao kazi isikatike nayo. Na kabla ya yote kuna bakapu, tena iliyojaribiwa kwa kurejeshwa kwenye mashine nyingine. Bakapu ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu.

Ufundi huu haukutufikia kwa bahati. Linus Torvalds alitangaza mfumo wake Agosti 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na kwa kuwa kila mtu aliruhusiwa kuufungua na kuutazama ndani, uliweza kujifunzwa popote. Kuanzia mwaka 2000 mkusanyiko wa wahandisi wa mitandao wa Afrika, AfNOG, umekuwa ukiendesha mafunzo ya kuendesha seva na mitandao, na mwaka 2011 ulikutana Dar es Salaam. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliounganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Kiswidi IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mradi ule ulithibitisha kwamba lugha yetu inaweza kukaa ndani ya kompyuta. Ujumbe wa hali ya dharura, hata hivyo, bado huja kwa Kiingereza, nao huja saa ambayo mtu ana hofu.

Kwa hiyo nina ombi kwa mafundi wenzangu na kwa vyuo vinavyowafundisha vijana wetu. Mwanafunzi apewe kompyuta kuukuu na ruhusa ya kuiharibu. Aifute initramfs kwa makusudi, abadilishe jina kwenye fstab, aijaze /boot, ahamishe diski kutoka mashine moja hadi nyingine, kisha aseme kwa Kiswahili mashine imefika wapi kabla hajaruhusiwa kugusa kibodi. Atakayeweza kusema ataweza kutengeneza, na ataweza pia kumwongoza mwingine kwa simu. Na kila seva iwe na daftari lake kando, la karatasi: vifaa vyake, majina yavyo yasiyobadilika, tarehe ya kila toleo, hitilafu iliyotokea na dawa yake.

Yule mama wa Bulwa aliandika daftari la namna hiyo bila kuagizwa. Alizipanga hatua tano kwa mwandiko wake, kila moja na dalili yake. Seva ilipogoma tena, safari hii kwa sababu nyingine, alipiga simu, tukasalimiana, akaanza yeye: “Imefika hatua ya tatu, mwanangu. Nimechagua kerneli ya zamani, watu wanaendelea na kazi. Wewe tafuta sababu.” Nilitafuta, nikaikuta /boot imejaa. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ninayoweza kuutolea ufundi huu: ukifundishwa kwa uwazi, hatua kwa hatua, humwondolea mtu woga wa mashine na kumpa uwezo wa kuamua, na ofisi haisimami ikimsubiri fundi mmoja apande mlima.